Picha ya Ushahidi na Picha ya Fedheha

Hivi karibuni nilialikwa kuhudhuria ufunguzi wa maonyesho ya picha za habari katika ukumbi mmoja wa hapa Mombasa. Nakiri kwamba sikuwa na hamu ya kwenda. Kwanza, niliyajua maneno ya baadhi ya ndugu zetu, ambao hadi leo wakisikia neno "picha" hukunja uso na kuuliza kama jambo hilo lina ruhusa. Pili, uzoefu wangu wa sherehe za ufunguzi ni kwamba hotuba huwa ndefu, sambusa huwa nyingi, na kilichowakusanya watu huwa cha mwisho kutazamwa. Nilikwenda kwa sababu kijana aliyenialika ni mwana wa jirani yangu, na jirani ana haki yake. Niliporudi nyumbani usiku ule sikulala mapema, na haya niandikayo ndiyo yaliyoniondolea usingizi.

Suala la ruhusa nitaligusa kwa ufupi, kwani wanavyuoni wamekwisha kulijadili kwa zaidi ya miaka mia moja. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliiruhusu picha ya kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali huzuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa. Kabla yake kwa karne tisa, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Kairo, alikwisha kueleza jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopenya tundu dogo na kuchora ukutani umbo mfano wa mwezi mchanga. Wapo wanavyuoni wasiokubaliana na al-Muti'i, nao wana hoja zao na heshima yao. Lakini naona tumetumia nguvu nyingi mno kuuliza kama inajuzu kupiga picha, tukasahau kuuliza swali la pili, ambalo kila siku linatukabili zaidi: picha hii inamfanyia nini yule aliyemo ndani yake?

Yaliyokuwamo ukumbini

Milango ilifunguliwa baada ya sala ya Magharibi. Mgeni rasmi alikata utepe, akazungumza kwa muda mrefu juu ya umuhimu wa vyombo vya habari, akatazama picha tatu za mwanzo, akaondoka na msafara wake. Waliobaki tukaanza kuzunguka.

Upande wa kushoto zilitundikwa picha za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha katika machafuko hayo. Idadi hiyo nilikuwa nikiijua. Lakini kuijua idadi ni jambo moja, na kusimama mbele ya picha ya mabaki ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa moto tarehe 1 Januari 2008 na watu wamejihifadhi ndani, ni jambo jingine. Mbele ya picha ile sikuuliza waliofia mle walikuwa wa dini gani au kabila gani. Niliona baiskeli iliyoungua, nikajiuliza ni nani aliyeiendesha hadi pale akidhani amefika mahali pa amani.

Ukuta wa katikati ulikuwa wa mafuriko ya Mto Tana, na wa mwisho ulikuwa wa maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Msomaji atakumbuka kwamba tarehe 25 ya mwezi ule waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge mjini Nairobi, na kwamba kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikwisha kuhesabu vifo 39. Hapo ndipo palipokuwa na watu wengi. Vijana wawili walisimama mbele ya picha ya mama aliyekuwa akilia, wakainua simu, wakajipiga picha wao na mama yule nyuma yao. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Nadhani walikuwa wamekwisha kusahau kwamba yule ni mtu.

Nyuma yao alisimama mwanamke wa makamo, amejitanda buibui, mkoba mkononi. Alingoja vijana wamalize, akasogea, akaisoma ile karatasi ndogo ya maelezo chini ya picha. Iliandikwa kwamba ni mama akilia nje ya chumba cha maiti. Akaisoma tena. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, huyu ni mimi."

Sikuwa na la kusema. Nikamwuliza kama alialikwa. Akasema hapana, mwana wa jirani yake ndiye aliyemwambia kwamba amemwona ukutani. Nikamwuliza, kwa haya, kama angependa picha ile iondolewe. Akatikisa kichwa. "Isiondolewe. Nililia, na nilikuwa na haki ya kulia. Lakini hapa wameandika mama tu. Mwanangu hawakumwandika. Alikuwa fundi wa simu. Alikuwa na jina."

Tulimtafuta mpiga picha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akizungukwa na watu waliokuwa wakimpongeza. Aliposikia maneno yale, sura ilimbadilika. "Mama, nisamehe," alisema. "Siku ile tulikuwa tukikimbia, sikupata nafasi ya kuuliza." Mama akamjibu, "Siku ile najua, mwanangu. Nauliza siku zilizofuata." Kijana hakujitetea. Alichukua kalamu, akamwomba mama amtajie jina la marehemu herufi kwa herufi, akaliandika kwa mkono wake kwenye ile karatasi pamoja na kazi yake. Jina hilo sitaliandika hapa, kwa sababu mama yule alimpa ruhusa kijana, hakunipa mimi.

Mwosha na jeraha

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huingia mahali ambapo wengine hawaingii, huona ambayo wengine hawayaoni, na akitoka hutarajiwa kunyamaza. Asiyeweza kunyamaza hapewi kazi hiyo. Lakini tuulize: je, mwosha akikuta mwilini jeraha la kisu ambalo watu wa nyumba hawakulitaja, anyamaze pia? La hasha. Kasoro ya mwili ni ya marehemu, nayo husitiriwa. Jeraha ni la aliyelitia, na kulinyamazia ni kumsitiri muuaji.

Nadhani hapa ndipo ilipo mizani ya kuipimia picha ya habari. Picha ya haki ni ile inayoonyesha jeraha ili aliyelitia aulizwe. Humo aibu inamwendea mwenye kutenda, au mwenye mamlaka aliyeacha litendeke. Picha ya fedheha ni ile inayoonyesha udhaifu wa aliyetendewa, na hakuna yeyote mwingine anayeulizwa kitu.

Historia ya kazi hii katika eneo letu ina mifano ya pande zote mbili. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko huko akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963. Ndiye aliyepiga picha za ibada ya Hijja zilizotolewa katika kitabu mwaka 1978. Mnamo Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mtangazaji Michael Buerk wa BBC. Njaa ilikuwa imekwisha kuua watu wengi, na habari zake zilikwisha kuandikwa, lakini wakubwa wa dunia hawakujali mpaka picha za Amin zilipoonekana katika televisheni. Kutokana nazo ilitokea michango mikubwa, yakiwamo matamasha ya Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985 huko London na Philadelphia. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wake wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Huyu alikuwa mwosha aliyeona jeraha akasema, na maelfu wakaishi kwa sababu alisema.

Hata hivyo, baada ya sifa ile kubwa, wenye kufikiri walianza kuona upande wa pili. Mamilioni ya watu wa Ulaya walibaki na sura moja tu ya Mwafrika vichwani mwao: mtoto mwenye mbavu, hana jina, hana baba, hana kijiji, amenyoosha mkono. Mashirika ya misaada yaligundua kwamba sura hiyo huleta fedha, yakairudia na kuirudia. Ikafika mahali wenyewe wakaona aibu, na mwaka 1989 mashirika ya Ulaya yakapitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe wanaoutumia kuwahusu watu wa nchi zetu. Nitairudia habari hii mbele, kwani inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Miaka minne baadaye, mwaka 1993, Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga huko Ayod, Sudan ya wakati ule, picha ya mtoto aliyeinama chini kwa njaa na tai nyuma yake. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pulitzer, na miezi michache baada ya tuzo alijiua. Wasomaji wengi waliliuliza gazeti: mtoto yule ikawaje? Haikujulikana. Dunia nzima ilidhani ni msichana, hata mwaka 2011 waandishi wa Kihispania walipomfikia baba yake ikabainika kwamba alikuwa mvulana, kwamba aliokoka njaa ile, na kwamba alifariki miaka mingi baadaye kwa homa. Miaka kumi na minane watu walimtazama mtoto huyo, wakalia kwa ajili yake, wakagombana kwa ajili yake, na hawakujua hata kama ni wa kike au wa kiume.

Sasa tulinganishe na picha iliyochaguliwa mwaka 2024 kuwa picha bora ya mwaka na taasisi ya World Press Photo, iliyoasisiwa Uholanzi mwaka 1955. Ilipigwa na Mohammed Salem wa Reuters tarehe 17 Oktoba 2023, katika hospitali ya Nasser mjini Khan Younis, Gaza. Mwanamke amechutama, amekumbatia mwili wa binti mdogo wa ndugu yake, aliyeuawa katika shambulio la Israeli. Mwili umefunikwa kwa sanda. Uso wa mama umezama mkononi mwake. Hakuna uso hata mmoja unaoonekana katika picha nzima, na wala hakuna tone la damu. Pamoja na hayo, sijapata kumwona mtu aliyeitazama akauliza kimetokea nini. Jeraha limeonyeshwa na mwenye jeraha amesitiriwa. Basi tusiambiwe kwamba haiwezekani kufanya mambo mawili hayo kwa pamoja.

Kosa langu mwenyewe

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukawalaumu wapiga picha na mashirika ya Wazungu, tukaenda zetu. Lakini usiku ule nilipofika nyumbani nilikumbuka picha nyingine, na hiyo aliyeiagiza ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya futari ya mtaa. Tulikusanya michango, tukanunua unga, mchele, mafuta, sukari na tende, tukawaita wajane waje kuchukua. Mimi ndiye niliyesema, "Tupige picha, waliotoa waone fedha zao zilikokwenda." Tukawapanga kina mama mstari mmoja, kila mmoja na mfuko wake kifuani, na sisi wajumbe nyuma yao katika kanzu zetu safi, tumetabasamu. Picha ile ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, ikasambazwa katika simu, ikachapishwa. Niliiona nzuri.

Mwaka uliofuata mama mmoja hakuja. Nilituma mtu amwulizie, jibu likarudi kwamba hahitaji. Nilijua anahitaji. Baadaye sana nikaelezwa kwamba mwanawe alionyeshwa picha ile shuleni na wenzake, wakamwita mtoto wa mfuko. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba afadhali walale na njaa. Nao, kwa kadiri nilivyoelewa, baadhi ya siku za Ramadhani ile walilala na njaa.

Hebu tuipime picha yangu kwa mizani ile ya mwosha. Je, ilionyesha jeraha? La. Hakuna dhalimu aliyeulizwa chochote kwa ajili yake. Ilionyesha haja ya mtu mbele ya majirani zake. Aliyepata sifa ni mimi, na aliyelipa gharama ni mtoto wa shule. Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba sadaka hubatilika kwa kumsimanga aliyepewa. Tumefundishwa pia juu ya mkono wa kuume unaotoa na wa kushoto usiopata habari. Nimeyasomesha hayo mimi mwenyewe. Ila sikupata kufikiri kwamba masimango yanaweza kufanywa bila kutamka neno, kwa kubonyeza kidude cha simu tu.

Hoja za wanaotetea picha hizi

Nimeyazungumza haya na wenzangu katika kamati, nao wana hoja ambazo si haki kuzipuuza. Husema kwamba mtoaji wa leo hamwamini mtu, na kwamba picha ndiyo risiti yake. Ni kweli kwamba fedha za mayatima zimepata kuliwa, na kwamba anayetaka uthibitisho hakukosea. Lakini picha ya mjane na mfuko inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba mjane mmoja alipata mfuko mmoja. Haielezi fedha zilizokusanywa ni kiasi gani, mifuko ilikuwa mingapi, wala bei ya unga ilikuwa ipi. Mwizi anaweza kupiga picha kumi nzuri na kula nusu ya mchango. Kinachomzuia ni hesabu iliyoandikwa, ikakaguliwa na watu wawili wasio wajumbe, ikabandikwa pale pale tulipokuwa tukibandika sura za wajane.

Husema pia kwamba picha huwahamasisha wengine kutoa, na kwamba kutoa hadharani kumeruhusiwa. Naam, kumeruhusiwa. Lakini kilichoruhusiwa ni mtoaji kudhihirisha utoaji wake, si kumdhihirisha mpokeaji. Anayetaka kuhamasisha na apige picha ya gunia, ya kisima kilichochimbwa, ya fundi akiezeka paa, ya mikono tu ikipokezana.

Husema mwisho kwamba kina mama wenyewe walikubali. Hapa nawaomba wenzangu tuwe wakweli. Mtu aliyesimama mstarini, mfuko wake ungali mkononi mwako, ukamwuliza kama unaweza kumpiga picha, atakujibu nini? Ruhusa inayoombwa kabla ya mfuko kukabidhiwa ni bei ya mfuko.

Tufanyeje?

Wazungu wa mashirika ya misaada, ambao hatuachi kuwasema katika mihadhara yetu, walikaa chini mwaka 1989 wakajiandikia kanuni. Kama walizifuata zote au la, hilo ni lao. Sisi tuliolelewa juu ya neno sitara tunangoja nini? Napendekeza kwa kila kamati ya futari, ya mayatima na ya maafa, mambo machache.

Kwanza, sura ya mpokeaji isipigwe wakati wa kugawa. Pili, sura ya mtoto yatima isichapishwe kabisa, kwani mtoto atakuwa mtu mzima na picha itabaki. Tatu, mahali pa picha hizo pachapishwe hesabu kamili zilizokaguliwa. Nne, ikiwa kuna mtu ambaye habari yake ni lazima ijulikane, kwa kuwa amedhulumiwa na dhuluma hiyo inahitaji shahidi, basi aendewe nyumbani kwake, siku nyingine, bila mfuko, aulizwe kama anataka kusema, na akitaka aandikwe kwa jina lake na kwa maneno yake. Tano, namwomba mhariri wa jarida hili, ambalo kurasa zake zimewahi kubeba picha kama ile yangu, alifunge dirisha hilo kuanzia sasa.

Kuhusu maonyesho yenyewe, nawashauri ndugu waende. Yapo mambo ambayo nchi hii hupenda kuyasahau, na vijana wale wenye kamera wanatuzuia kusahau. Baadhi yao wamepigwa na kuumizwa kwa kazi hiyo, na huko Gaza zaidi ya waandishi na wapiga picha 180 wameuawa tangu Oktoba 2023. Anayebeba ushahidi wa namna hiyo anastahili tumtazamie alichokileta. Lakini tukienda, tusimame mbele ya picha moja muda wa kutosha hata tusome maelezo yake, na tukikuta jina halipo, tuulize.

Mimi nilikwenda kwa yule mama wa mfuko wiki iliyopita kumtaka radhi. Alinikaribisha uani, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama picha ile bado iko kwenye simu za watu. Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba sina njia ya kuirudisha. Akasema amenisamehe kwa upande wake. Kwa upande wa mwanawe, alisema, nimngoje atoke shule nimwombe mwenyewe. Nikangoja.

Mwenyezi Mungu atusitirie aibu zetu duniani na Akhera, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowasitiri waja wake. Amin.